George Carver, Mwalimu wa Mimea



George Washington Carver alizaliwa mtumwa kule Missouri, Marekani, karibu mwaka 1864. Alikuwa mtoto zaifu, kazi ngumu hakuiweza. Basi akatunza maua katika kibustani chake porini, hata majirani wakamwita munganga wa mimea.

Mwaka 1885 shule moja kubwa ya Kansas ilimkataa kwa sababu ya ngozi yake nyeusi. Hakukata tamaa. Alisoma Iowa, na mwaka 1896 akaenda kufundisha Tuskegee, Alabama. Kule pamba ilikuwa imemaliza nguvu ya udongo. Akawaonyesha wakulima kupanda karanga na kunde.

Watoto nao hakuwasahau. Mwaka 1910 aliandika kijitabu cha kusaidia shule za vijiji kufundisha maumbile na bustani. Alikufa tarehe 5 Januari 1943.

Sisi wa Ubwari, wadogo zetu tusiwape jembe kama azabu tu. Tung'oe nao shina moja la karanga, tuwaonyeshe vile vivimbe vidogo kwenye mizizi: ndivyo vinakamata chakula cha udongo kutoka hewani.

Kapita, mwaka wa sita