Abebe Bikila: Mshindi aliyekimbia pekupeku

Giza lilikuwa limeshaingia mjini Roma tarehe 10 Septemba 1960 wakati askari mmoja kutoka Ethiopia alipomaliza mbio za marathoni bila viatu. Mbio ziliishia kwenye Tao la Konstantino, lango la mawe ambalo lilikuwa limesimama kwa zaidi ya miaka 1,600. Alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi mpya ya dunia. Jina lake lilikuwa Abebe Bikila, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki.

Abebe, mtoto wa mfugaji, alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato. Alipokua alijiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na huko akafundishwa mbio na Onni Niskanen, kocha kutoka Sweden. Kule Roma viatu alivyopata havikumkaa vizuri. Kwa kuwa alishazoea kufanya mazoezi pekupeku, akaamua kukimbia hivyo hivyo.

Watu walishangaa, lakini unyayo nao una tao lake. Mifupa yake 26 imepangwa kama mawe ya lango, kila mmoja ukimshikilia mwenzake. Matao ni matatu. La upande wa ndani, kutoka kisigino hadi karibu na kidole gumba, ndilo refu na limeinuka zaidi. La upande wa nje liko chini zaidi. La tatu linakatisha upana wa unyayo. Chini yake kuna utando mgumu unaounganisha kisigino na vidole, kama kamba ya upinde. Ukikanyaga, tao hushuka kidogo na utando hukazika. Ukiinua kisigino, hurudi na kukusukuma mbele kama springi.

Unaweza kuliona tao lako. Lowesha unyayo, kisha kanyaga sakafu kavu ya saruji: sehemu ya ndani isiyoacha alama ndipo tao lilipo. Usishtuke mtoto mdogo akiacha alama ya unyayo mzima, kwani tao hujitokeza anavyokua. Mtu mzima mwenye unyayo bapa usiouma, kwa kawaida hahitaji matibabu. Ukiuma au ukibadilika umbo, nenda kituo cha afya.

Mwaka 1964 mjini Tokyo, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, Abebe alishinda tena, safari hii akiwa na viatu. Akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Mwaka 1969 alipata ajali ya gari, uti wa mgongo ukaumia. Mifupa na kano za unyayo haziwezi kumtembeza mtu ikiwa misuli ya miguu haipati tena amri kutoka kwenye ubongo. Abebe hakutembea tena. Alipelekwa kutibiwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, na huko akaanza kushindana kulenga shabaha kwa upinde na mishale, akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 mjini Addis Ababa, akiwa na umri wa miaka 41. Maelfu ya watu walijitokeza kumzika, na Mfalme alikuwa miongoni mwao.