Emily Kame Kngwarreye: Bibi wa Jangwani na Rangi Zake

Safari hii twende mbali kidogo. Chukua ramani ya Australia utafute mji wa Alice Springs, katikati kabisa ya nchi. Ukiupata, sogeza kidole kaskazini mashariki kiasi cha kilomita 250. Hapo pana eneo la mchanga mwekundu liitwalo Utopia, na ndani yake mahali paitwapo Alhalkere. Huko ndiko alikozaliwa Emily Kame Kngwarreye, yapata mwaka 1910.

Emily alikuwa wa kabila la Waanmatyerre, mmoja wa makabila ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Usidhani Kngwarreye ni jina la baba yake. Ni jina la kundi la kiukoo, na ukilisikia unajua mwenye jina hilo ni nani kwako na umheshimu vipi. Kame nalo ni mbegu ya aina ya kiazi cha mwituni ambacho mizizi yake hutambaa chini ya ardhi ya Alhalkere. Kwa hiyo kila alipoitwa, alikuwa anaitwa kwa jina la chakula cha kwao.

Alikuwa mtoto wa karibu miaka kumi alipomwona mzungu kwa mara ya kwanza. Muda si mrefu wafugaji walichukua ardhi ile kwa ng'ombe wao, na wenyeji wakawa vibarua juu ya ardhi ya babu zao. Emily naye alifanya kazi kwa wafugaji, hata ya kuongoza ngamia wa mizigo, ambayo wanawake wachache sana waliifanya.

Shule ya darasani hakwenda, lakini alifundishwa. Wanawake wakubwa wa ukoo walimfundisha awelye, yaani ngoma na nyimbo za wanawake, pamoja na michoro wanayojipaka mabegani na kifuani kwa udongo wa rangi uliochanganywa na mafuta. Kila mstari una maana, na kila mchoro una wenyewe. Humo mna habari za mimea, wanyama, maji na sheria tangu mwanzo wa dunia. Emily akawa mmoja wa wakuu wa mila hizo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, watu wa Utopia walipodai ardhi yao kisheria, wanawake walionyesha awelye kuthibitisha kwamba ardhi ile wanaijua na ni yao. Madai yakakubaliwa. Fikiria hilo, mwanafunzi: ngoma za bibi zilisaidia kurudisha ardhi.

Sasa nikueleze habari ya mtoto mmoja. Emily hakuzaa, lakini alisaidia kumlea Barbara Weir, binti wa wifi yake Minnie Pwerle. Baba yake Barbara alikuwa mzungu. Wakati ule serikali ya Australia iliwachukua kwa nguvu watoto wa namna hiyo ili wakalelewe mbali na mila zao. Barbara alichukuliwa akiwa na miaka kama tisa. Alirudi akiwa mtu mzima, na lugha ya mama yake ikabidi ajifunze upya. Baadaye naye akawa mchoraji mashuhuri. Hata Minnie, mama yake, alishika brashi uzeeni akapata jina.

Emily mwenyewe alianza na batiki, vitambaa kama vile mama zetu wanavyoshonea magauni. Mwaka 1977 wanawake wa Utopia walifundishwa kuchora kwa nta na kutia rangi. Kazi hiyo ni ya kuchemsha na kufua, nayo ni ngumu kwa mtu mzima. Kwa hiyo, yalipoletwa maturubai na rangi mwaka 1988, akahamia huko. Alikuwa anakaribia miaka 80.

Mchoro wake wa kwanza kwenye turubai unaitwa Emu Woman. Emu ni ndege mkubwa anayefanana na mbuni. Ukiutazama utaona mistari ya awelye, na juu yake nukta nyingi kama mbegu zilizomwagwa. Watu wa Sydney walipouona, sifa zake zikaenea. Kwa miaka minane hivi inakadiriwa alichora picha 3,000. Alikuwa akiketi chini, turubai limetandazwa mbele yake. Mwaka 1995 alichora mizizi ya kile kiazi, mistari myeupe juu ya rangi nyeusi, kwenye turubai la upana wa mita 8, akamaliza kwa siku mbili. Mimi kama muuguzi nawahudumia wazee kila siku, na najua mkono wa umri ule unavyochoka.

Fedha nyingi alizopata ziliishia kwa ndugu, kwani ndivyo mila yao inavyotaka. Wanunuzi nao hawakumpa nafasi ya kupumzika. Alifariki Septemba 1996, na muda mfupi kabla alikuwa bado anachora. Mwaka 2007 picha yake moja, Earth's Creation, iliuzwa zaidi ya dola milioni moja za Australia. Mwaka 2025 kazi zake zilionyeshwa Tate Modern, London.

Wazazi, waswahili tunasema mwacha mila ni mtumwa. Emily hakuiacha yake, na Barbara aliyenyang'anywa aliifuata tena. Watoto wetu hapa hakuna anayewanyang'anya lugha. Ikipotea, itapotea mezani kwetu, tukinyamaza.

Kazi ya nyumbani: mpigie simu bibi au babu. Muulize kwa Kiswahili jina lako lilitoka kwa nani na lina maana gani. Chora jibu lake kwa nukta na mistari, ulete darasani Jumamosi ijayo.