Bwana Storey na Kutu ya Mahindi

Katika Manika, kama mahali pengi pa Katanga, bukari ni chakula cha kila siku. Mahindi yakikosa, njaa huingia nyumbani. Basi ni vema kila mtoto ajue habari za Harold Haydon Storey, aliyeyapigania mahindi ya Afrika.

Storey alikuwa Mwingereza, akazaliwa mwaka 1894. Alipofanya kazi Afrika ya Kusini aligundua ya kuwa ugonjwa wa milia ya mahindi huletwa na mdudu mdogo arukaye jani kwa jani. Mwaka 1928 alikwenda Amani, katika milima ya Usambara. Mwaka 1946 wataalamu wa London walimpokea katika chama chao kikuu.

Mwaka 1949 adui mpya alionekana Sierra Leone, yaani kutu ya mahindi. Kutu hii ni ukungu mdogo sana utokao Amerika. Mbegu zake ni kama vumbi, nazo huchukuliwa na upepo. Majani hupata madoa kama chuma kilicholiwa, kisha hukauka. Mwaka 1952 ukungu ulikuwa umekwisha kufika Kenya.

Storey, aliyekuwa sasa Muguga karibu na Nairobi, alipata mahindi ya Amerika, kwa sababu huko mahindi na kutu vilikuwa vimeishi pamoja tangu zamani. Mengine hayakuugua. Akayachanganya na mahindi ya Afrika, akaona ya kuwa nguvu ile yatoka katika jeni moja, nayo yarithiwa na mazao yake.

Lakini furaha haikukaa. Mwaka 1955 ilijulikana ya kuwa iko kutu ya namna ya pili, iwezayo kula hata mahindi yale. Baadaye ikaonekana ya tatu.

Sababu yake ni hii. Ukungu huzaa mbegu zisizohesabika, na mara chache jeni moja hubadilika. Mabadiliko mengi hayana faida. Mengine huudhoofisha ukungu, usikue vema. Lakini badiliko moja laweza kuficha alama ambayo kwayo mahindi humtambua adui. Ndipo ukungu ule hupita kama mwizi aliyebadili nguo mbele ya mlinzi, ukajaza shamba.

Wakati huohuo, mashambani, mimea dhaifu ilikufa bila kuzaa, na wakulima wakapanda mbegu za ile iliyosalia. Mwaka kwa mwaka mahindi yao yalipata nguvu. Nguvu hiyo haikutoka katika jeni moja, bali katika nyingi ndogo zilizosaidiana, na ukungu hauwezi kuzishinda zote kwa badiliko moja.

Storey alikufa mwaka 1969. Kazi yake haikupotea: ilionyesha ya kuwa mlango wenye kufuli moja hautoshi.

Maulizo
1. Kutu ya mahindi husafirije?
2. Kwa nini jeni moja haikutosha?
3. Wakulima walichagua mbegu gani?