Whitworth, mhandisi aliyesaka kasoro za mtutu

Fundi wa kiwanda cha majani chai huko Kericho au Bomet akifungua mtambo mkongwe wa Kiingereza, huenda akakuta nati ambazo spana za milimita hazizikamati. Kampuni za Uingereza zilipoanza kupanda chai kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920, mitambo ya kwao ilifungwa kwa bolti zenye meno ya kipimo kilichopendekezwa mwaka 1841 na Joseph Whitworth. Mhandisi huyo ndiye pia aliyetakiwa kuisaidia serikali yake katika utengenezaji wa bunduki.

Alizaliwa Stockport Desemba 21, 1803. Akiwa na umri wa miaka 14 alipelekwa katika kiwanda cha pamba cha mjomba wake, lakini mashine zilimvutia kuliko nyuzi, akaondoka. Baada ya kufanya kazi London kwa Henry Maudslay, alifungua karakana yake Manchester mwaka 1833.

Mwaka 1854, Vita vya Crimea vikiendelea, serikali ilimtaka aunde mashine za kutengenezea bunduki aina ya Enfield. Alikataa kuanza kabla ya kujua ni kitu gani hasa kinachoufanya mtutu mmoja upige sawasawa na mwingine ukose. Serikali ikagharamia ukumbi wa shabaha wa yadi 500, yaani mita 457, nyumbani kwake Rusholme. Tufani iliuangusha, ukajengwa tena. Humo alitundika karatasi nyembamba, moja mbele ya nyingine, ili matundu yake yafichue njia ya risasi.

Ilibainika kwamba risasi ya Enfield ilizungushwa polepole mno: mzunguko mmoja kwa inchi 78 za mtutu. Whitworth aliunda mtutu mwembamba wenye tundu la pande sita, uliozungusha risasi mara moja kila inchi 20. Katika majaribio ya mwaka 1857 uliishinda Enfield kwa mbali.

Hata hivyo, jeshi liliukataa. Tundu dogo liliziba upesi kwa masizi ya baruti, na bei ilikuwa kubwa. Uamuzi huo haukuwa wa kijinga kama walivyodai mashabiki wake; askari aliye vitani hana nafasi ya kusugua mtutu kila mara.

Kasoro nyingine ilijificha ndani ya chuma chenyewe. Chuma cha pua kikiganda hubakiza mapovu ya gesi, na mtutu wenye tundu kama hilo ungeweza kumlipukia mpigaji usoni. Whitworth alikishindilia chuma kwa mtambo wa shinikizo kubwa kikiwa bado uji, mapovu yakaminywa.

Mwaka 1868 alitoa pauni 3,000 kwa mwaka kuwasomesha vijana 30 wa uhandisi. Alifariki Monte Carlo Januari 22, 1887. Bunduki yake haikupata kuwa silaha ya kawaida ya jeshi la Uingereza.