Sheth Nanji Kalidas Mehta na Biashara ya Miaka Mibaya

Katika toleo hili la kumbukumbu ya mandir yetu tumeombwa kusimulia maisha ya mmoja wa wazee waliovuka bahari kabla yetu. Tumemchagua marehemu Sheth Nanji Kalidas Mehta, ingawa kazi zake kubwa zilikuwa Uganda wala si huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Sababu yetu ni hii: kwa miaka kadhaa sasa vijana wa jumuiya yetu, pamoja na vijana wa majirani zetu, wamekuwa wakitujia dukani na swali moja, kama huu ni wakati wa kufungua biashara. Wanataja maradhi ya Korona, mbolea iliyopanda bei mwaka 2022, na dola zilizoadimika mwaka uliofuata. Baadhi yao hawakungoja jibu. Wamekwenda Dar es Salaam, wengine Uingereza na Kanada. Waliobaki Mbeya na Iringa wanastahili kumjua mtu ambaye karibu kila jambo kubwa alilolianza, alilianza wakati watu wenye busara walipokuwa wakifunga milango.

Alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Gorana, karibu na Porbandar, katika rasi ya Kathiawar. Alikuwa wa jamii ya Walohana, watu wa duka na mizani. Utoto wake uliishia katika njaa kuu ya miaka ya 1899 na 1900, ambayo wazee wetu waliiita Chhappaniyo kwa kuwa ilianguka katika mwaka wa 1956 wa kalenda ya Vikram. Mvua ilikatika, ng'ombe wakafa kwa maelfu, na watu wakafuata. Nani katika sisi wenye asili ya Kathiawar hakusikia kwa bibi yake habari za mwaka ule? Wengi wa wale walioonekana baadaye kuwa watu wa safari na ushujaa walikuwa, kwa kweli, watoto wa ukame. Nanji alipanda jahazi akiwa na umri wa miaka kama 13.

Alianzia Majunga, nchini Madagaska, akarudi nyumbani, kisha akavuka tena na kuelekea Uganda. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na kuanzia hapo mzigo ulipanda meli za ziwani. Yeye akaenda mbele zaidi, hadi Kamuli katika nchi ya Busoga, kaskazini ya Jinja, akafungua duka. Bidhaa za duka la namna ile tunazijua sote: kitambaa, chumvi, majembe, kiberiti, mafuta ya taa.

Ni vema tueleze hapa jinsi biashara ile ilivyosimama, maana vijana hudhani kwamba wazee walikuja na mitaji. Hawakuja nayo. Mfanyabiashara mkubwa wa pwani alimkopesha wa Kampala au Jinja. Huyo akamkopesha mwenye duka la kijijini. Naye akamkopesha mkulima mpaka mavuno. Katika mnyororo mzima fedha taslimu ilikuwa kidogo sana, na kilichozunguka kilikuwa ni jina la mtu. Aliyeshindwa kulipa kwa sababu ya moto au ukame alivumiliwa. Aliyeficha hesabu hakupewa tena hata kibunda kimoja cha kitambaa, na habari zake zilifika Mombasa kabla hajafika mwenyewe. Ndiyo maana desturi yetu ya kuviweka vitabu vipya vya hesabu mbele ya Mama Lakshmi siku ya Diwali haikuwa pambo. Kitabu kilikuwa ndiyo mtaji wenyewe.

Pamba ilikuwa imeanza kulimwa Uganda kwa ajili ya soko tangu mwaka 1903 au 1904, na Busoga iliipokea vizuri. Nanji Kalidas aliona mapema kwamba faida haikuwa katika kuuza kitambaa tu, bali katika kununua pamba ya mkulima, kuichambua na kuifunga marobota ya kupeleka Bombay na Uingereza. Kutoka duka moja akawa na viwanda kadhaa vya kuchambua pamba, na vita vya kwanza vya dunia vilipomalizika alikuwa miongoni mwa matajiri wa Uganda.

Hapo ndipo ulipofika mtihani ambao kwa maoni yetu ndio kiini cha maisha yake.

Mara baada ya vita bei ya pamba ilipanda mno, na kila mwenye kiwanda alinunua kana kwamba haitashuka kamwe. Mwishoni mwa mwaka 1920 ikaanguka. Walionunua ghali wakajikuta na maghala yaliyojaa mali isiyorudisha hata gharama. Na msiba huo haukuja peke yake, kwani fedha yenyewe ilikuwa ikibadilika mikononi mwa watu. Kabla ya vita rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Mwaka 1920 serikali ya kikoloni ikaifunga rupia ya Afrika Mashariki kwa shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Ikaletwa florini, na kabla watu hawajaizoea ikaondolewa, ikaja shilingi mwaka 1921. Msomaji apige hesabu: mtu aliyekuwa na deni la rupia 15,000 alidaiwa pauni 1,000 kwa kiwango cha zamani, sasa, bila kukopa hata senti ya ziada, alidaiwa pauni 1,500. Wakati huohuo rupia ya India ilirudi chini karibu na kiwango chake cha kale, na aliyeuza pamba Bombay akapata fedha dhaifu ya kulipia gharama za fedha nzito. Huku Tanganyika hali ilikuwa mbaya kwa namna yake. Watu wa Iringa na Tukuyu, waliokwisha kunyang'anywa mifugo na nguvukazi na majeshi ya pande zote mbili, walibaki na noti za Kijerumani za wakati wa vita ambazo hazikununua kitu.

Katika miaka hiyo wengi walifilisika, wengine wakarudi Gujarat. Nanji Kalidas, ambaye naye alipata hasara, alifanya jambo lililoonekana kama wazimu: mwaka 1924 alianzisha mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari huko Lugazi, kando ya barabara ya Kampala na Jinja. Kilikuwa kiwanda kikubwa cha kwanza cha sukari nchini Uganda.

Tukiitazama hesabu hiyo kwa macho ya watu wa biashara, hatuoni wazimu. Bei ya pamba ilipangwa Liverpool na Bombay, na mtu wa Kamuli hakuwa na la kusema. Sukari ililiwa palepale ilipotengenezwa. Ile iliyoagizwa kutoka nje ililipa nauli ya bahari, nauli ya reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, na nauli ya meli ya ziwani. Umbali huo uliokuwa mzigo kwa kila muuza pamba ukawa ukuta wa kumlinda mtengeneza sukari. Tena wakulima waliouza pamba walikuwa wameanza kunywa chai. Mnunuzi wake alikuwa jirani yake.

Lakini tusimpe kijana picha rahisi. Miwa katika nchi ile huchukua kama mwaka mmoja na nusu kukomaa. Msitu ulipaswa kufyekwa kwanza. Mashine nzito zilipitia njia ileile ya Mombasa na Kisumu, kwa kuwa reli haikufika Kampala hadi mwaka 1931. Muda huo wote fedha ilitoka bila kuingia, naye aliibeba kwa faida ya pamba iliyobaki na kwa jina ambalo halikuwa limechafuka katika anguko. Aliyelipa madeni yake mwaka 1921 ndiye aliyekopesheka mwaka 1924. Mwenzake Muljibhai Madhvani alifuata njia hiyo ya sukari huko Kakira mwaka 1930, mdororo mkuu wa dunia ulipokuwa umeanza.

Mdororo huo nao ulimkuta Nanji Kalidas akijenga. Katika miaka hiyo ya 1930 alianzisha kiwanda cha nguo, Maharana Mills, katika mji wake wa Porbandar, akapeleka nyumbani ujuzi na fedha alizozipata Afrika.

Sisi wa Mbeya tuna mfano wetu wa wakati huohuo. Mbeya ilikua kwa sababu dunia ilikuwa na shida. Bei za mazao zilipoporomoka, dhahabu ilipanda thamani, na watu wa kila taifa wakakimbilia mto Lupa na Chunya. Maduka ya Wahindi yakafunguliwa huko kama uyoga baada ya mvua. Dhahabu ilipopungua, maduka mengi ya Chunya yalifungwa. Waliobaki wakiuza majembe, chumvi na kanga kwa Wasafwa, Wanyakyusa, Wahehe na Wabena walipita hata miaka ile migumu baada ya vita vya Kagera, tulipopanga foleni kwa kilo moja ya sukari. Haya tumeyaona wenyewe, na ndiyo maana tunaisoma Lugazi kwa makini.

Heshima ya kweli kwa mzee haituruhusu kuruka upande wa pili. Biashara ya pamba ya Uganda ilikuwa chini ya sheria za kikoloni zilizowapa wenye viwanda, Wazungu na Wahindi, nafasi ambayo mkulima Mwafrika alinyimwa. Wanunuzi walijiunga katika vyama na kugawana maeneo, na mkulima akakosa mahali pa kupata bei iliyo bora. Wafanyakazi wa mashamba ya miwa walitoka mbali, wakalala makambini, na ujira wao ulikuwa mdogo. Mwaka 1949 Buganda ilipolipuka kwa ghasia, moja ya madai ya wakulima lilikuwa ni kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Sheth Mehta hakuitunga sheria ile, lakini alitajirika ndani yake. Majirani zetu watakaosoma kijitabu hiki wanalijua hilo, nasi hatuna haja ya kujifanya hatulijui.

Kwa upande wa kutoa, alitoa sana. Huko Porbandar alianzisha pamoja na mkewe Santokben shule ya bweni ya wasichana, Arya Kanya Gurukul, wakati ambapo wazazi wengi wa Kathiawar waliona elimu ya binti kuwa hasara. Mwana mkubwa wa mji huo, Mahatma Gandhi, alizaliwa hatua chache tu kutoka sokoni. Kando ya nyumba hiyo Nanji Kalidas aligharimia ujenzi wa Kirti Mandir, iliyofunguliwa na Sardar Vallabhbhai Patel tarehe 27 Mei 1950. Jengo lina urefu wa futi 79, kwa mwaka wa 79 wa umri wa Gandhi, na katika umbo lake zimeunganishwa alama za mahekalu ya Kihindu, Kijaini, Kibudha na Kiparsi, kanisa na msikiti. Waliokwenda kuhiji nyumbani wanaifahamu.

Alifariki tarehe 25 Agosti 1969. Hakuiona Agosti ya mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka, na Lugazi pamoja na mali nyingine za familia ikachukuliwa. Sisi wa Tanzania tulikuwa tumepita mtihani wetu mwaka mmoja kabla, majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalipotaifishwa. Tulikuwa watoto, lakini tunakumbuka ukimya wa mezani usiku ule. Tofauti ni kwamba hapa hatukufukuzwa. Wengi walihama kwa hiari, waliobaki wakaendelea kuuza na kununua, na watoto wetu wakasoma darasa moja na watoto wa majirani.

Huko Lugazi mashine zilidorora katika miaka ya Amin, na miwa ikamezwa na magugu. Baada ya utawala wake kuanguka mwaka 1979, familia ya Mehta ilirudi Uganda, ikakubaliana na serikali kukifufua kiwanda kwa ubia, wakaanza tena kufyeka mashamba yaleyale ambayo mzee aliyafyeka mwaka 1924. Nchi haikuwa imetulia; vita vya msituni viliendelea hadi mwaka 1986, na shilingi ya Uganda ilikuwa ikipoteza thamani kila kukicha. Miwa ilipandwa hivyohivyo, ikakomaa, na sukari ya Lugazi ikarudi madukani.