Sura Iliyo Katika Nishani

Nishani ya Nobel ya fizikia na kemia ina sura ya mtu mwenye ndevu, na kandoni imeandikwa miaka yake ya kuzaliwa na kufa, 1833 na 1896, kwa tarakimu za Kirumi. Huyo ndiye Alfred Nobel. Mimi zamani nilidhani alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Kumbe alikuwa fundi wa baruti.

Alizaliwa Stockholm, nchi ya Uswidi, mwaka ule ule baba yake alipofilisika. Mwaka 1842 mama aliwachukua watoto wakamfuata baba yao St Petersburg, Urusi, na huko Alfred alifundishwa nyumbani.

Alipokuwa mtu mzima alishughulika na mafuta yaitwayo nitroglisirini, ambayo hulipuka kwa mtikisiko tu. Tarehe 3 Septemba, 1864, karakana yao ya Stockholm ililipuka, akafa mdogo wake Emil pamoja na watu wengine kadhaa. Mimi nadhani ningeiacha kazi ile siku ile ile. Yeye alipokatazwa kuifanya mjini aliihamishia katika tishari ziwani. Baadaye alivumbua kwamba mafuta yale yakinyonywa na udongo fulani mwepesi hutulia, yasilipuke mpaka yawashwe kwa fataki. Hiyo ndiyo dainamaiti ya mwaka 1867, iliyopasua miamba ya migodi na ya njia za reli, ikamtajirisha sana.

Hakuoa, wala hakuacha mtoto. Tarehe 27 Novemba, 1895, alitia sahihi wosia wake mjini Paris: karibu mali yake yote iwekwe, na faida yake wapewe kila mwaka watu waliowafaa zaidi wanadamu. Alikufa San Remo, Italia, tarehe 10 Desemba, 1896. Baadhi ya jamaa zake waliupinga wosia, hata zawadi za kwanza zikatolewa mwaka 1901.

Wosia haukutaja nishani. Hiyo ililetwa na kanuni za mwaka 1900, akaichora Mswidi Erik Lindberg. Nyuma yake, upande niupendao mimi, Maumbile anatoka mawinguni kwa umbo la Isis, mungu wa kike wa Wamisri, mkononi ana pembe iliyojaa neema. Uso wake umefunikwa shela, na Elimu anaiinua ili amtazame. Mpaka mwaka 1980 ilikuwa ya dhahabu ya karati 23. Siku hizi ni karati 18, uzito wake kama gramu 175. Hutolewa kila tarehe 10 Desemba, siku aliyokufa Nobel.