Adolphe Sax, fundi aliyevumbua saksofoni akafa maskini

Wapenzi wa rumba ya Congo wanakumbuka saksofoni ya Verckys Kiamuangana ndani ya OK Jazz. Wachache wanamujua mutu aliyevumbua chombo hicho: Adolphe Sax, Mubelgiji aliyezaliwa tarehe 6 Novemba 1814 katika muji wa Dinant.

Alijifunza kazi tangu utoto kwa baba yake, Charles-Joseph, fundi wa vyombo vya muziki kule Brussels. Mwaka wa 1842 akahamia Paris.

Wakati ule, vyombo vya shaba vilikuwa na nguvu lakini sauti yao ilikuwa kali. Klarineti ya muti ilikuwa laini, lakini haikusikika mbali. Sax akaunganisha vyote viwili. Alichukua bomba la shaba linaloanza jembamba na kupanuka, akatia juu yake kipande cha mudomoni kinachofanana na kile cha klarineti.

Kipande hicho alikichonga kwa muti. Upande mumoja ni bapa na una dirisha. Hapo panafungwa ulimi mwembamba wa tete. Mutu akipuliza, ulimi unatetemeka na bomba linalia. Nafasi kati ya ulimi na ncha ya kipande ni ndogo sana: fundi akikosea kidogo tu, sauti inaharibika. Sax alifanya uwazi wa ndani kuwa mupana na wa mviringo, na hiyo ikatoa sauti nene na laini.

Mwaka wa 1845, jeshi la Ufaransa lilikubali vyombo vyake katika bendi zake. Mwaka uliofuata alipata hati ya uvumbuzi wa saksofoni. Hapo vita vikaanza. Mafundi wenzake walimupeleka tribinali, wakidai kwamba uvumbuzi si wake. Kesi zilidumu miaka mingi zikamaliza pesa zake. Alifilisika mara tatu: 1852, 1873 na 1877.

Ugonjwa nao ulimupata. Tangu 1853 aliugua kansere ya mudomo, kiungo kile kile ambacho saksofoni inahitaji. Alipona mwaka wa 1859.

Sax alikufa maskini kule Paris tarehe 7 Februari 1894. Leo vipande vya mudomoni vinatengenezwa zaidi kwa mupira mugumu, plastiki ao chuma. Lakini dirisha na ulimi wa tete vimebaki vile vile alivyoviacha.